Samaki Asiyenuka Naye Hudhuru: Mwongozo Kamili wa Kujikinga na Bakteria wa Vyakula vya Baharini

Watu wengi hupima usalama wa samaki kwa pua. Asiponuka, anaingia sufuriani, akinuka, anatupwa. Kipimo hicho kina kasoro moja kubwa: kinapima kitu kingine. Bakteria wanaomwozesha samaki na bakteria wanaomlaza mlaji kitandani ni makundi mawili tofauti. Waozeshaji, kama Shewanella na Pseudomonas, ndio wenye ile harufu, na hustawi hata juu ya barafu. Wale wanaoleta maradhi, wengi wao hawatoi harufu, hawabadilishi rangi, wala hawaharibu ladha. Chaza mwenye Vibrio vulnificus huwezi kumtofautisha na mwenzake kwa jicho, kwa pua wala kwa ulimi.

Kwa sababu hiyo, mwongozo huu umejengwa juu ya joto na saa. Pia utakaa kwa muda kwenye mlango ambao maelezo mengi ya jikoni huupita haraka, nao ni ngozi. Si kila aliyeuguzwa na samaki alimla. Wengine walimshika tu.

Wanatoka wapi

Bakteria hawa hutufikia kwa njia tatu, na kinga ya njia moja haizuii nyingine.

Njia ya kwanza ni bahari yenyewe. Kuna bakteria ambao ni wenyeji wa maji ya chumvi na ya milango ya mito, maji yawe safi au machafu. Wakubwa wao ni jamii ya Vibrio. Vibrio parahaemolyticus aligunduliwa na mtafiti Mjapani Tsunesaburo Fujino mwaka 1950, baada ya watu 272 kuugua huko Osaka kwa kula dagaa waliokaushwa nusu. 20 kati yao walifariki. Siku hizi vifo vyake ni vichache. Huleta kuhara, tumbo kusokota, kutapika na homa, kwa kawaida ndani ya saa 24 baada ya mlo, na wengi hupona katika siku tatu hivi. Vibrio vulnificus huonekana mara chache zaidi, lakini huyo ni muuaji. Vibrio cholerae, mwenye kipindupindu, hujishikiza kwenye magamba ya vidudu vidogo vinavyoelea majini, jamaa za kamba, na kwa njia hiyo husafiri bila kumhitaji binadamu. Chini kabisa, kwenye matope ya bahari na maziwa, hulala spora, yaani hali ngumu ya bakteria iliyojifungia, za Clostridium botulinum aina E, mwenye sumu inayopoozesha misuli.

Wenyeji hawa hawafukuzwi na usafi wa maji. Kinachowapandisha na kuwashusha ni joto. Maji yakipata joto huongezeka, ndiyo maana katika nchi zenye majira manne wagonjwa huwa wengi zaidi miezi ya kiangazi. Mwaka 2004, abiria wa meli ya kitalii huko Alaska waliugua V. parahaemolyticus kwa kula chaza wabichi wa palepale, mahali ambapo watu waliamini pana baridi mno kwa bakteria huyo. Maji ya shamba walikotoka chaza yalikuwa yamevuka nyuzi 15 za Selsiasi.

Njia ya pili ni majitaka. Humo hutoka Salmonella, Shigella, E. coli, na kipindupindu tena. Mzigo huu hubebwa zaidi na chaza, kome na jamaa zao wenye magamba mawili, kwa sababu ya namna wanavyokula: huvuta maji, wakachuja vilivyomo, wakabaki navyo. Chaza mkubwa aweza kuchuja hadi lita 190 hivi kwa siku hali ikimwafiki. Kidogo kilichotapakaa majini hukusanyika mwilini mwake, kisha watu humla mzima na utumbo wake, jambo ambalo hatulifanyi kwa samaki mwingine mkubwa. Majira ya baridi ya 1924 na 1925, chaza waliokuzwa kwenye maji machafu walisambaza homa ya matumbo katika miji kadhaa ya Marekani. Watu wapatao 1,500 waliugua na 150 wakafa. Utaratibu wa nchi hiyo wa kukagua maji ya mashamba ya chaza ulizaliwa kutokana na balaa hilo.

Njia ya tatu ni mikono na vyombo. Kamba huchemshwa, wakafa bakteria wote wa baharini, kisha mtu humenya kwa mikono yenye Staphylococcus aureus kutoka puani au kwenye kidonda chake. Samaki wa kukaushwa kwa moshi hutoka salama, kisha hukatwa vipande kwenye mashine yenye Listeria. Hapa bahari haina kosa.

Hatua ya kwanza: jitambue kabla hujamtambua samaki

Ninaanza na mlaji kwa makusudi. Sahani moja ya chaza wabichi, iliyoliwa mezani pamoja, inaweza kumpita mtu mmoja kama upepo na kumuua mwenzake ndani ya siku mbili.

Sababu yake ni madini ya chuma. V. vulnificus ana njaa kubwa ya chuma, na katika mwili wenye afya chuma hufungiwa vizuri ndani ya protini zake. Ini likiharibika, iwe kwa pombe, kwa homa ya ini au kwa kovu la muda mrefu, chuma huzagaa katika damu na ulinzi wa mwili hulegea. Hali huwa hivyo pia kwa wenye ugonjwa wa kurithi wa kulimbikiza chuma, na kwa wanaoongezewa damu mara kwa mara. Bakteria huvuka ukuta wa utumbo, akaingia damuni, na akishafika huko zaidi ya nusu ya wagonjwa hufa. Watu wengi wenye tatizo la ini hawajui kwamba wanalo. Mtu akiniuliza kama chaza mbichi ni salama, swali langu la kwanza huwa: ini lako lilipimwa lini?

Wengine wanaopaswa kujihesabu katika kundi hili ni wenye kisukari, saratani, ugonjwa wa figo au upungufu wa kinga, wazee, na wanaotumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo, maana asidi hiyo ndiyo mlinzi wa kwanza. Wajawazito wana adui wao, Listeria monocytogenes. Huenda mama akahisi mafua kidogo tu, lakini mimba ikatoka au mtoto akazaliwa mgonjwa, na dalili zaweza kuchelewa hadi siku 70 baada ya kula.

Ikiwa umo katika kundi hili, sheria zako ni mbili. Usile chaza, kome wala samaki mbichi. Na samaki wa moshi wa baridi, yule laini anayeuzwa tayari kuliwa, mpashe hadi atoe mvuke kabla ya kumla. Jimbo la California lilipoamua mwaka 2003 kwamba chaza wabichi wa Ghuba ya Meksiko waliovunwa miezi ya joto wasiuzwe bila kutibiwa kwanza kupunguza bakteria, vifo vya V. vulnificus vitokanavyo na chaza katika jimbo hilo vilishuka karibu kuisha. Kuelimisha watu kwa matangazo kulikuwa kumejaribiwa kwa miaka mingi bila mafanikio ya kiasi hicho.

Hatua ya pili: kununua

Macho angavu, matamvua mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza ni dalili za upya, nazo zina thamani yake. Lakini samaki aliyelala juu ya jua asubuhi nzima kisha akawekwa kwenye barafu dakika kumi kabla hujafika anaweza bado kuwa na macho mazuri. Tazama barafu kabla ya kumtazama samaki. Je, amezikwa ndani yake au amepambwa juu yake? Je, maji ya barafu iliyoyeyuka yanatiririka na kutoka, au samaki wanaogelea ndani yake? Je, kamba waliokwisha kuchemshwa wanagusana na wabichi? Hilo la mwisho likikutokea, ondoka.

Chaza na kome wanunuliwe wakiwa hai. Aliyefunuka mgonge kidogo: akiwa hai atajifunga, asipojifunga mwache. Uliza wamevunwa wapi na lini. Penye utaratibu wa ukaguzi, kila gunia huwa na kibandiko cha eneo na tarehe ya mavuno, na muuzaji mzuri haoni taabu kukuonyesha.

Usidanganywe na neno “wamesafishwa”. Kuna desturi ya kuwaweka chaza kwenye matangi ya maji safi siku moja au mbili ili wajisafishe. Hufanya kazi nzuri kwa bakteria wa majitaka. Vibrio, ambaye ni mwenyeji wa chaza, hubaki pale pale.

Hatua ya tatu: safari ya nyumbani, ambako mchezo huharibika

Tufanye hesabu kidogo. Katika joto linalompendeza, karibu na nyuzi 37, V. parahaemolyticus anaweza kujigawa mara moja kila dakika kumi au chini ya hapo. Ni miongoni mwa bakteria wepesi zaidi wanaojulikana. Chukua bakteria 10 tu. Baada ya saa moja wamekuwa 640. Baada ya saa mbili, 40,960. Baada ya saa tatu wamepita milioni mbili na nusu. Katika joto la chini kidogo mwendo hupungua, lakini mkondo ni uleule. Kwa kawaida mtu mzima mwenye afya huhitaji kumeza laki kadhaa au zaidi ili augue, kwa hiyo yule samaki aliyetoka baharini na bakteria wachache wasio na madhara ameshakuwa samaki wa hatari, na hakuna aliyemgusa. Amekaa tu kwenye mfuko.

Chini ya nyuzi 5 hesabu hiyo husimama. Beba barafu au vifurushi vya baridi unapokwenda kununua, nunua vya baharini mwisho, na uende moja kwa moja nyumbani. Kikomo ni saa mbili nje ya baridi, na siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32 kikomo ni saa moja. Saa hizo hujumlishwa. Nusu saa ya njiani, nusu saa juu ya meza ukizungumza na mgeni, na saa moja baada ya kupikwa ni saa mbili tayari.

Jodari, vibua na jamaa zao: sumu isiyosikia moto

Hapa inabidi nitoke njiani kidogo. Samaki wenye nyama nyeusi waogeleao kwa kasi, kama jodari, vibua na dagaa, wana kiasi kikubwa cha histidini, kijenzi kimojawapo cha protini, katika misuli. Wakikaa kwenye joto, bakteria kama Morganella morganii huigeuza histidini kuwa histamini. Mlaji huwaka uso na shingo, kichwa humgonga, ngozi humuwasha, moyo humwenda mbio, wakati mwingine hutapika au kuhara. Yote haya huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi, na watu hudhani ni mzio wa samaki.

Ubaya wake ni kwamba histamini haivunjwi na kupika, kugandisha, kuweka moshi wala kutia kwenye kopo. Bakteria wakifa, walichokiacha kinabaki. Baadhi ya watu husema samaki huyo huonja kama pilipili au huchoma ulimi. Ukihisi hivyo, tema na usiendelee. Lakini wengi hawahisi kitu. Kinga ipo mahali pamoja, baridi tangu samaki alipotolewa majini, na kama mvuvi hakuifanya, mpishi hodari kuliko wote hawezi kuirudisha.

Hatua ya nne: kuhifadhi

Jokofu liwe nyuzi 4 au chini. Vipimajoto vya jokofu ni rahisi kupata, na mara nyingi humwonyesha mwenye nyumba kwamba rafu ya mlangoni haina baridi aliyoidhania. Samaki mbichi akae rafu ya chini kabisa, ndani ya chombo chenye kingo, ili maji yake yasidondokee vilivyo tayari kuliwa. Mle ndani ya siku moja au mbili, au mgandishe.

Chaza na kome hai wafunikwe kwa kitambaa kibichi, kwenye bakuli lililo wazi. Usiwazamishe kwenye maji ya bomba wala kuwafungia kwenye mfuko usiopitisha hewa. Watakufa, na chaza aliyekufa huharibika upesi.

Barafu ya friza inahitaji kusemwa wazi, maana kuna imani iliyoenea kwamba kugandisha kunasafisha. Kugandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba huua minyoo ya samaki. Bakteria wengine hupungua, lakini wanaobaki hulala tu, na samaki akiyeyuka wanaamka. Yeyusha ndani ya jokofu usiku kucha, au chini ya maji baridi ndani ya mfuko uliofungwa, kisha pika mara moja.

Na samaki aliyefungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa? Toboa au fungua mfuko kabla hajaanza kuyeyuka. C. botulinum aina E hapendi hewa, na anaweza kukua kwenye nyuzi 3.3, yaani ndani ya jokofu lililo sawa kabisa. Mwaka 1963, samaki wa moshi kutoka Maziwa Makuu ya Marekani, waliofungwa kwenye plastiki na kusafirishwa bila baridi ya kutosha, waliua watu kadhaa kwa sumu hiyo. Mwaka 1991 nchini Misri, samaki waliochachushwa kwa chumvi kiasi kisichotosha waliwapeleka hospitali watu zaidi ya 90, na 18 wakafa. Usijaribu kuchachusha au kutia moshi samaki nyumbani kwa kukisia chumvi.

Hatua ya tano: kutayarisha

Kuna udhaifu mmoja wa Vibrio ambao mpishi anaweza kuutumia. V. parahaemolyticus hawezi kuishi bila chumvi, kwa hiyo maji safi ya bomba humdhoofisha na kumwosha. Suuza samaki mzima chini ya maji yasiyotoka kwa kasi, kabla na baada ya kumtoa matumbo, ukiangalia maji yasiruke huku na huko. Kisha osha sinki kwa sabuni, kwani kilichokuwa juu ya samaki sasa kimo humo.

Ubao na kisu cha samaki mbichi visiguse mboga za kuliwa mbichi, matunda wala samaki aliyeiva. Kama ubao ni mmoja, anza na mboga. Mikono ioshwe kwa sabuni sekunde 20. Kitambaa kile kile cha kufutia kila kitu ni basi la abiria, kibadilishe.

Ndimu na siki huzua ubishi kila mara. Asidi hubadilisha protini, nyama ikawa nyeupe na ngumu kama iliyopikwa, na jicho likaridhika. Bakteria waliomo ndani ya nyama wanaweza kubaki. Pilipili na pombe inayonywewa na chaza hazifanyi kitu. Wala samaki wa maji baridi, yaani wa mito na maziwa, si kimbilio: mwaka 2015 nchini Singapore, ulaji wa samaki mbichi wa maji baridi ulieneza maambukizi makali ya Streptococcus wa kundi B hata kwa watu wazima wasio na maradhi mengine, na mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku kuuza vyakula vya samaki hao wakiwa wabichi.

Hatua ya sita: moto

Habari njema ni kwamba bakteria wenyewe, ukiacha spora, hawauwezi moto. Samaki afike nyuzi 63 katikati ya sehemu yake nene, kwa sekunde 15 angalau. Anayempikia mjamzito au mgonjwa apande hadi nyuzi 70 kwa dakika mbili, kipimo kinachommaliza Listeria. Kipimajoto cha chakula kikikosekana, nyama iwe imepoteza ung’avu wake na inachanika kirahisi kwa uma hadi mfupani.

Chaza na kome wenye magamba: kabla ya kupika, tupa walio wazi wasiojifunga ukiwagonga. Chemsha hadi wafunuke, kisha endelea dakika 3 hadi 5 nyingine. Kwa mvuke, dakika 4 hadi 9. Kosa la kawaida ni kuzima moto pindi gamba linapofunuka. Kufunuka ni msuli tu uliolegea kwa joto. Nyama ya ndani bado haijafikiwa. Usijaze sufuria pia, kwa sababu walio katikati hubaki vuguvugu. Waliokwisha kutolewa gamba wachemshwe dakika 3 angalau, au wakaangwe dakika 3 kwenye mafuta ya nyuzi 190, au waokwe dakika 10 kwa nyuzi 230 hivi. Wasiofunuka baada ya kupikwa, waache.

Kaa ana kisa chake. Mwaka 1978 kipindupindu kilizuka Louisiana, na waliougua walikuwa wamekula kaa waliopikwa. Walipopima maabara, watafiti waliona kwamba kaa aliyechemshwa dakika 8, au aliyewekwa kwenye mvuke hadi dakika 25, bado anaweza kuwa na Vibrio cholerae hai, ingawa gamba lake limeshakuwa jekundu zuri. Rangi nayo hudanganya kama pua. Mpe kaa muda, na hesabu tangu maji yaliporudi kuchemka.

Baada ya moto, usirudishe chakula kwenye chombo kilichobeba kibichi. Mabaki yaingie jokofuni ndani ya saa mbili katika vyombo vya kina kifupi, na yapashwe hadi nyuzi 74. Kupasha hakutamsaidia aliyekuwa ameyaacha mezani usiku kucha, kwa kuwa sumu ya Staphylococcus, kama histamini, huvumilia moto. Huanza haraka, saa chache tu, kwa kutapika kwa nguvu.

Hatua ya saba: ngozi

Mwiba wa samaki, ncha ya gamba la chaza, pembe ya kichwa cha kamba. Kila mtu anayeandaa vyakula hivi ameshachomwa, akafyonza kidole, akaendelea na kazi. Mara nyingi haitokei kitu. Lakini mchomo huo ni sindano iliyochovywa kwenye bakteria.

Vaa glavu nene unapofungua chaza au kupara magamba. Ukikatwa, acha kazi, osha jeraha kwa sabuni na maji safi mengi, litoe uchafu, lifunike kwa kitu kisichopenya maji. Mwenye kidonda kipya, mshono au chale mpya ya mapambo asiingie maji ya bahari wala ya mlango wa mto, na asishike samaki mbichi bila glavu hadi kipone.

Kisha tazama jeraha kwa siku kadhaa, kwa sababu mwendo wa dalili hudokeza ni nani aliyeingia:

- Ndani ya saa chache hadi siku mbili: maumivu makali kupita ukubwa wa jeraha, wekundu unaokimbia, malengelenge yenye maji ya damu, homa au baridi ya kutetemeka. Hiyo ni sura ya Vibrio vulnificus. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Takriban mmoja kati ya watano wanaopata maambukizi haya hufa, baadhi ndani ya siku moja au mbili tangu kuugua, na wengine hukatwa kiungo.
- Siku 2 hadi 7: kidole kimevimba, kina rangi ya zambarau yenye ukingo dhahiri, kinawaka na kuuma. Huenda ni Erysipelothrix rhusiopathiae, ugonjwa wa zamani wa washika samaki. Penisilini humtibu vizuri.
- Wiki kadhaa: kivimbe kisicho na maumivu makali mkononi, kisichopona, pengine vingine vikifuatana kuelekea kwenye kiwiko. Mycobacterium marinum, ndugu wa mbali wa kifua kikuu, hupenda baridi ya vidole. Huwapata pia wanaosafisha matangi ya samaki wa mapambo. Matibabu huchukua miezi, na mgonjwa asipotaja samaki, daktari anaweza kuhangaika muda mrefu.

Samaki wa kufugwa hawako nje ya orodha. Toronto, mwaka 1995 na 1996, watu waliokuwa wakiandaa perege wabichi walipata maambukizi ya ngozi na damu ya Streptococcus iniae kupitia michubuko midogo ya mikono.

Hatua ya nane: ukiugua

Kuhara kwa kawaida kunahitaji maji kuliko dawa. Changanya lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, kama huna pakiti za dukani. Kunywa kidogo kidogo hata kama unatapika. Usijitibu kwa antibiotiki zilizobaki kabatini: kwa kuhara kwa V. parahaemolyticus aghalabu hazihitajiki, na baadhi ya bakteria, hasa wa mabwawa yanayotiwa dawa hizo, wameshakuwa sugu.

Wakati wa kuugua, na siku mbili baada ya kuacha kuhara, usiwapikie wengine. Vibrio parahaemolyticus ni nadra kuhama kutoka mtu hadi mtu, ila Shigella huhitaji bakteria wachache sana, na hujui ni yupi uliye naye.

Usisubiri nyumbani ukiona damu kwenye choo, homa kali, mkojo umekauka, kizunguzungu unaposimama, kuhara kama maji ya mchele kusikokoma, au malengelenge ya damu miguuni baada ya kula chaza, hata kama hukujikata popote. Kope zinazolegea, kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito na koo lisilomeza ni dalili za sumu ya botulinum. Hiyo ina dawa yake ya kupinga sumu, na hufaa zaidi ikitolewa mapema, kabla pumzi haijalegea.

Ukifika mbele ya daktari, sema mambo matatu bila kusubiri kuulizwa: ulikula nini cha baharini na lini, kama kiliiva, na kama una jeraha lililogusa maji ya chumvi au samaki. Taja pia ini lako. Maelezo hayo hubadilisha matibabu. Kwa jeraha linaloshukiwa kuwa la Vibrio, dawa huanza kabla ya majibu ya maabara, mara nyingi doksisiklini pamoja na sefalosporini ya kizazi cha tatu, na huenda daktari wa upasuaji akahitajika siku hiyohiyo. Hubadilisha pia kazi ya maabara. Choo kinachopimwa kwa utaratibu wa kawaida kinaweza kurudi na jibu la “hakuna kitu” huku Vibrio yumo, kwa sababu hutafutwa kwa chakula maalumu cha kuoteshea kiitwacho TCBS. Juu yake kipindupindu huota madoa ya njano, na V. parahaemolyticus madoa ya kijani. Mpimaji hukitoa kabatini pale tu mtu anapomwambia kwamba mgonjwa alikula chaza.